Walimu wa karate Tabata wanajua kumsubiri mtoto

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Tabata, na karate sikuwa naijua zaidi ya zile filamu tulizoangalia utotoni kwenye vibanda vya video. Nilichokuwa nakijua ni kwamba mwanangu wa miaka minane ana kigugumizi na shuleni walishamgeuza kichekesho. Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye klabu hii inayofanyia mazoezi katika ukumbi wa shule ya msingi. Sasa ni mwezi wetu wa kumi na moja tangu tujiunge, na nina watoto wawili pale. Nitawazungumzia walimu, maana ukumbi wenyewe ni sakafu ya saruji na feni moja, na joto la Desemba usiseme.

Walimu ni wawili. Sensei ni mtu mzima, mvi zimeshaingia, mkanda wake mweusi umelika hadi uzi mweupe wa ndani unaonekana. Msaidizi wake ni binti wa miaka ishirini na kitu mwenye mkanda wa kahawia, watoto wanamwita Senpai.

Wiki ya tatu nilikaa kwenye benchi la nyuma kuangalia. Kila mtoto hupewa zamu ya kuhesabu kwa Kijapani hadi kumi, na kwa kila namba darasa zima hupiga ngumi moja. Wakati huo wamesimama shiko-dachi, miguu imepanuliwa na magoti yamekunjwa kama mtu aliyepanda farasi, mapaja yanawaka moto. Zamu ikamfikia wangu. Ichi, ni, san, akaenda vizuri. Namba ya nne ni shi, na hiyo "sh" ndiyo inayomsumbua tangu alipoanza kuongea. Akakwama. Mimi huku nimeukumbatia mkoba, natamani niiseme mwenyewe. Mtoto mmoja akafungua mdomo amsaidie, Senpai akainua kiganja tu. Hakumwambia "haraka", hakumwambia "pole". Na yeye alikuwa chini kwenye mkao uleule, mapaja yanamtetemeka kama watoto. Hakuna aliyenyanyuka. Shi ikatoka, tena kwa sauti ya juu, ngumi zote zikaruka pamoja, hesabu ikaendelea kwenye go kama kawaida. Hawakumpigia makofi, na kwa hilo niliwashukuru kimoyomoyo, kwa sababu mtoto anayepigiwa makofi kwa kutamka neno moja anajua kabisa kwa nini anapigiwa.

Kabla ya hapo nilimpeleka kwa mwalimu mwingine ambaye darasani alishika fimbo, na mtoto akikosea anapigishwa pushapu wenzake wakihesabu huku wanacheka. Baada ya wiki mbili mwanangu alianza kukojoa kitandani. Nikamtoa.

Sensei hapandishi sauti. Akimrekebisha mtoto wa kiume anamgusa kiwiko kwa vidole viwili. Wasichana wanarekebishwa na Senpai. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, anavaa hijabu, na hakuna aliyemuuliza swali. Senpai alichosema ni kwamba pini hazifai mazoezini, basi nikamshonea ya kuvuta yenye lastiki, na wazazi watatu wakaniagiza za binti zao. Nilipouliza sare zinauzwa wapi, Sensei aliniambia nisiharakishe, fulana na traki vinatosha miezi ya mwanzo. Alipojua mimi ni fundi alikuja na suruali yake ya zamani akanionyesha kile kipande kinachoongezwa kwenye maungio ya miguu ili isichanike mtu akirusha teke. Nikashona suruali za wanangu wote wawili kwa kitambaa cha marekani nzito. Mpaka leo hazijaachia uzi.

Wanafundisha Goju-Ryu, mtindo wa Okinawa wa mwalimu Chojun Miyagi. Jina lenyewe maana yake ni gumu na laini. Jumamosi wazazi tunakaribishwa nusu saa ya mwisho, na huko ndiko Sensei alikotueleza kwamba kata ya kwanza ya watoto wetu, yaani mfululizo wa mapigo na hatua zilizopangwa, inayoitwa Gekisai, Miyagi aliitunga mwaka 1940 ili vijana waanze na kitu chepesi. Na kwamba hapa Dar mtindo huu ulipandwa miaka ya 1970 na Sensei Nantambu Camara Bomani, pale Zanaki. Anapolitaja jina hilo anasimama wima. Nami sasa Gekisai naijua hadi katikati.

Jambo moja lilinikera. Ada ya mwezi ni shilingi 25,000, mtoto wa pili nusu, hapo sina neno. Lakini ada ya mtihani wa mkanda tuliambiwa zikiwa zimebaki siku tano, na mimi fedha zangu zinakuja kwa nguo moja moja. Nilimwambia Sensei waziwazi. Alinisikiliza, akaomba radhi mbele ya wazazi wote, na safari hii tarehe na ada vimebandikwa mlangoni mwezi mzima kabla. Kilichobaki ni Jumanne, wanachelewa kufunga hadi saa moja na nusu usiku, na njia ile haina taa.

Nyumbani kigugumizi bado kipo, nisimdanganye mtu. Mwezi ujao anafanya mtihani wa mkanda wa njano na atatakiwa kuhesabu mbele ya watahini wageni. Nilimuuliza Senpai itakuwaje akikwama tena kwenye shi.

"Tutasubiri, mama," akanijibu, akaendelea kufunga mkanda wa mtoto mwingine.