Kitufe cha kuzima maiki kwenye midahalo, nyota 2 kati ya 5

Kwanza hii sio rivyuu ya mgombea, kama umekuja kutetea mtu wako pita tu. Naongelea kile kitufe cha kuzima maiki kwenye midahalo ya urais Marekani, maana kuna watu wanakisifia kama dawa ya matusi kwenye siasa na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kilitokea wapi? Cleveland, Septemba 29, 2020, Trump na Biden, dakika 90, mada sita, na ukiniuliza leo walisema nini kuhusu hata mada moja nitababaika. Nachokumbuka ni Trump kumwambia Biden hana akili hata kidogo, Biden kumwambia mwenzie hebu nyamaza bwana, na mwongoza mdahalo Chris Wallace pale katikati kama mwalimu wa zamu aliyepoteza filimbi.

Ndo Oktoba 22 kule Nashville wakaleta kitufe. Kwenye kila mada mgombea anapewa dakika 2 za kuanza kujibu, maiki ya mwenzie inazimwa, baada ya hapo zinafunguliwa zote. Kwa kazi hiyo kiko poa sina ubishi, kelele zilipungua, nilisikia sentensi ikianza na ikaisha, kitu ambacho Cleveland hakikuwepo.

Sasa Juni 27, 2024, Atlanta, wamekiboresha kabisa, maiki inawaka kwenye zamu yako tu na ukumbini hakuna hata mtu wa kupiga makofi. Nikasema leo ni hoja tupu. Wakaulizwa kuhusu umri wao, swali la maana kabisa, wakaishia kwenye gofu. Gofu jamani! Trump anasema Biden hawezi kurusha mpira hata yadi 50, Biden anajitapa enzi zake za umakamu wa rais alikuwa hatari, mara Trump anasema tusifanye mambo ya kitoto, Biden anamjibu wewe ndo mtoto. Kitufe kipo muda wote huo, kinawaangalia. Kumbe kinazuia kumkatisha mtu, kumkejeli hakizuii, yaani kijembe kinakaa foleni kistaarabu kabisa zamu yake ikifika kinapewa maiki.

Philadelphia, Septemba 10, 2024, ndo nilichoka. Safari hii mpinzani wa Trump ni Kamala Harris, kaulizwa kuhusu mpaka na wahamiaji, ndani ya jibu lake akapenyeza kwamba watu wanaondoka mapema kwenye mikutano ya Trump kwa kuboreka. Trump akaulizwa kwa nini alipinga muswada wa mpaka, akasema kwanza ajibu hilo la mikutano. Muswada ukasubiri weee, na tukaishia kwenye habari za wahamiaji kula mbwa na paka. Hapo hakuna aliyemkatisha mwenzie, kila kitu kilienda kwa utaratibu, na swali halikujibiwa.

Wanaosema zamani walikuwa waungwana nao waache. Mwaka 1858 Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais, na Stephen Douglas walishindana mara saba kule Illinois kugombea useneta, na mdahalo wa kwanza tu Douglas alimpaka mwenzie kwamba aliwahi kuwa muuza duka na pombe ilimjua vizuri. Mipasho kama kawaida. Ila wa kwanza alikuwa na dakika 60, anayemjibu 90, halafu wa kwanza anarudi na 30. Ukimaliza kijembe chako bado una saa nzima mbele ya watu na lazima useme kitu, na walisema, kuhusu utumwa, mpaka leo zinasomwa. Kwenye dakika 2 ukitumia moja na nusu kumsema mtu mikutano yake, umeshamaliza kazi, asante, swali lifuatalo.

Kwahiyo nyota moja kwa ajili ya masikio yangu, nyingine kwa sababu Cleveland sitaki irudi. Ningeweza kubadilisha ningeanza na saa, yaani muda wa kuongea, sio maiki. Halafu kuna kasoro nyingine hawaisemi, kitufe kinazima sauti tu, kamera inabaki, kwahiyo mwenzio anaongea na wewe upande wa pili wa skrini unabinua midomo na kutikisa kichwa, na kesho yake ndo klipu inayozunguka.