Msimu wa Tano wa Dawson's Creek, Ulivyotazamwa Moshi

Msimu wa 5 wa tamthilia ya Kimarekani iitwayo Dawson's Creek ulirushwa kwa mara ya kwanza kati ya Oktoba 2001 na Mei 2002, ukiwa na sehemu 23. Nimeutazama wote mwaka huu nyumbani Moshi, kwa diski nilizonunua katika duka moja la Arusha ambalo sitalitaja jina, ingawa muuzaji wake alikataa kunibadilishia diski ya mwisho iliyokuwa na mikwaruzo. Niliununua kwa ajili ya binamu yangu, ambaye alikuwa akisubiri kwenda kuanza mwaka wa kwanza Dar es Salaam na alitaka kuona maisha ya chuo yanavyoonyeshwa na wenzetu. Yeye aliacha njiani. Aliyekaa hadi mwisho ni shangazi, aliyekuwa ameteremka kutoka Marangu kwa matibabu ya macho, na kwa kuwa Kiingereza chake si kingi, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake jioni hadi jioni.

Kwa asiyeifahamu tamthilia hii, Dawson, Joey, Pacey, Jen na Jack ni marafiki waliosoma sekondari pamoja huko Capeside, mji wa kubuni ulioko pwani ya jimbo la Massachusetts. Msimu wa 5 unawakuta wametawanyika. Joey, anayeigizwa na Katie Holmes, amepata nafasi Worthington, chuo cha kubuni kilichoko Boston. Jen na Jack wanasoma katika chuo kingine cha mji huohuo na wanakaa kwa bibi yake Jen. Dawson amekwenda Los Angeles kusomea filamu, upande wa pili kabisa wa nchi, na Pacey hakwenda chuo chochote. Mtu anayemaliza kidato cha sita Moshi, akaona mwenzake mmoja anapangiwa Dodoma, mwingine Mbeya, na mwingine anabaki mjini kutafuta kibarua, hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Waandishi walikuwa na kazi ya kutafuta sababu ya kuwakusanya tena vijana hawa, na sababu waliyoipata ni msiba.

Hapo ndipo penye uzito wa msimu mzima. Dawson hapendezwi na chuo chake, anarudi nyumbani na kumwambia baba yake, Mitch, kwamba anataka kuacha. Wanabishana, kama wanavyobishana baba na mtoto pale ada inapokuwa imekwisha kulipwa. Kisha, mwishoni mwa sehemu ya 3, tunamwona Mitch akiendesha gari usiku, koni ya aiskrimu mkononi, akiimba pamoja na redio. Koni inamponyoka, anainama kuiokota, na taa za gari linalokuja mbele yake zinajaza kioo. Shangazi aliuliza, “Kwa koni tu?” Nilimjibu kwamba ndiyo, kwa koni tu. Alinyamaza kwa muda, kisha akataja jina la jirani yetu wa zamani aliyefia barabarani kwa jambo dogo la namna hiyohiyo, na tukasimamisha diski.

Najua wapo wanaolicheka tukio hilo kwa sababu ya aiskrimu. Mimi naona wamekosea. Ajali nyingi zina kiini kidogo kiasi cha kuwaonea aibu marehemu na wafiwa, na tamthilia imethubutu kukionyesha kiini hicho bila kukipamba. Kinachofuata katika sehemu ya 4 na kuendelea ni bora zaidi. Dawson anajilaumu kwa kuwa ndiye aliyeleta mzozo ndani ya nyumba, anamsukuma Joey mbali naye, na huzuni yake inageuka hofu inayombana kifua hadi Jen anapomshawishi aende kwa mtaalamu wa ushauri. Mama yake, Gale, amebaki na mtoto mchanga. Kwetu uchagani mfiwa hukaa chini ya turubai akizungukwa na watu, marehemu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na kwa siku kadhaa nyumba haikosi sauti. Dawson anaomboleza akiwa kwenye treni, kwenye vyumba vya marafiki, kwenye barabara za mji asioujua, na James Van Der Beek, ambaye katika misimu iliyotangulia alinichosha kwa kulalamika, hapa anaigiza kwa utulivu ambao sikuutarajia.

Laiti sehemu zilizobaki zingekuwa na ujasiri huo. Tunaambiwa hii ni tamthilia ya maisha ya chuo, lakini chuo chenyewe ni pazia la nyuma tu. Hatuoni foleni ya usajili, wala mtihani unaomkosesha mtu usingizi, isipokuwa kwa Jack, ambaye anajiunga na klabu ya wavulana wanaoishi nyumba moja, anaanza kunywa, na alama zake zinaporomoka. Suala la fedha ndilo lililonikera zaidi. Mwishoni mwa msimu wa 4 tulishuhudia Dawson akimpa Joey fedha alizorithi kutoka kwa mzee mmoja rafiki yake, ili Joey aweze kusoma Worthington. Hilo ni deni zito kati ya marafiki wawili waliowahi kupendana, na kila mwanafunzi wa Kitanzania aliyewahi kusubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu chuoni, hadi wiki ya nne anajua fedha ya ada inavyoweza kutawala mawazo ya mtu kutwa. Msimu wa 5 unaligusa kidogo na kulipita, kana kwamba karo imejilipa yenyewe.

Uhusiano wa Joey na mhadhiri wake wa fasihi, Profesa Wilder, haukunifurahisha pia. Tamthilia inauonyesha kama mvuto wa kiakili kati ya watu wawili wanaopenda vitabu, wanafikia kubusiana, kisha mambo yanaachwa yapoe. Katika nchi ambayo rushwa ya ngono vyuoni imejadiliwa hadharani kwa miaka mingi, ni vigumu kumtazama mtu mwenye kalamu ya kusahihisha mitihani akimtembeza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuona mapenzi peke yake. Binamu yangu aliacha kutazama hapo, na simlaumu.

Upande wa Pacey ndio unaoburudisha. Anapata kazi katika jiko la mgahawa mmoja wa Boston chini ya mpishi mkuu Danny, anafundishwa, anaheshimiwa kwa mara ya kwanza na mtu mzima, halafu anagundua kwamba mwalimu wake ana mke na wakati huohuo ana uhusiano na mhudumu wa palepale. Joshua Jackson anaigiza kuvunjika moyo huko kwa macho tu. Yupo pia Audrey, anayekaa chumba kimoja na Joey, ambaye Busy Philipps anampa mdomo mwepesi na moyo mpana. Bila yeye bweni lile lingekuwa kimya kama maktaba. Charlie, mwanamuziki anayemdanganya Jen kisha kumfuata Joey, sina la kumsemea.

Mnunuzi wa diski ajue jambo moja: wimbo wa Paula Cole, uliofungua kila sehemu ilipokuwa ikirushwa, kwenye diski hizi haupo. Umewekwa mwingine kwa sababu ya gharama za haki za muziki, na kwa aliyeizoea tamthilia enzi zile ni kama kuingia nyumba uliyoizoea ukakuta mlango umehamishwa.

Sehemu niliyoirudia ni ya 15. Joey yuko peke yake usiku mjini, wenzake wote hawapo, na mtu mwenye silaha anamlazimisha kutoa fedha kwenye mashine ya benki. Muda mfupi baadaye mtu yuleyule anagongwa na gari, na Joey, badala ya kukimbia, anajikuta hospitalini akikutana na mke na binti wa aliyemwibia. Hakuna mapenzi wala kumbukumbu za utotoni. Yupo msichana wa miaka kumi na minane mbele ya mtoto, naye hajui amwambie nini kuhusu baba yake. Shangazi alikuwa amefumba jicho moja kwa sababu ya dawa, na nilidhani amelala. Nilipotaka kuzima, alinishika mkono na kuniuliza kama yule mtoto ataambiwa ukweli. Nilipomwambia jinsi Joey alivyomzungumzia yule mwizi kwa upole, alisema hata yeye angefanya hivyo, kisha akaniomba nirudishe mwanzo, tangu pale kwenye mashine ya benki, aitazame vizuri.