Mfuko wa maji wa mgongoni: chagua wenye mdomo mpana

Anayetoka Lamu mjini kwenda Shela, mwendo wa kilomita 3 hivi, chupa yamtosha. Mfuko wa maji wa mgongoni, unaokaa ndani ya begi ukanywa kwa mpira mrefu, huanza kulipa bei yake ukishaipita Shela ukashika ufuo kuelekea Kipungani: kilomita 12 hivi za mchanga, kivuli hakuna, duka hakuna. Hata ukivizia maji yakitoka ili ukanyage mchanga mgumu, ni saa tatu na zaidi, na jua la kaskazi humnywesha mtu nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Basi wa lita 2 ni mdogo. Nunua wa lita 3, na maji peke yake yatakuwa kilo 3.

Achana na ile yenye kifuniko kidogo cha kuzungusha. Punje ya mchanga ikikaa kwenye oringi, ile pete ya mpira inayoziba kifuniko, shati limelowa, na mkono haupiti kusugua ndani. Bora unaofunguka juu wote, ukakunjwa na kubanwa kwa kipande cha plastiki. Begi lenyewe liwe na zipu ya plastiki. Ya chuma chumvi ya bahari huila.

Ukishaujaza, ugeuze juu chini, uvute hewa kwa mpira hadi maji yafike mdomoni, la sivyo yatachezacheza mgongoni njia nzima. Kisha ulaze juu ya gazeti, uukandamize. Gazeti likilowa, tazama kwanza pale mpira unapoungana na mfuko.

Kinyonyeo cha silikoni kilicho mwisho wa mpira ndicho kinachosumbua zaidi. Kina mpasuko mdogo, na mchanga ukiingia hakifungi tena, kinadondosha tu. Chagua chenye kifuniko. Kila ukimaliza kunywa, puliza maji yaliyo mpirani yarudi mfukoni, maana yakibaki juani funda la kwanza litakuwa kama chai.

Madafu na juisi usitie kabisa. Sukari huotesha ukungu ndani ya mpira, pasipofika brashi ya kawaida. Ukiota, tia vijiko viwili vya bekingi soda katika maji vuguvugu, yapitishe mpirani pia, uache nusu saa, usuuze. Kwa unyevu wa Lamu mfuko haukauki ukiwa umegandamana. Tumbukiza mwiko ndani uutanue.

Kasoro moja haina dawa: begi likiwa mgongoni huoni maji yaliyobaki. Utajua mpira ukianza kukoroma, kwa hiyo weka chupa ya nusu lita mfuko wa pembeni.