Uzoefu wangu: kutafuta habari za Watongwe kwenye maktaba ya bure ya Kyoto

Kazi yangu ni kutembeza wageni: Ujiji, Gombe, na mfuko wa mgeni ukiruhusu, Mahale. Kuhusu sokwe niko vizuri. Kinachonikaba ni swali linalokuja tukiwa ndani ya hifadhi, mgeni anapoona mwembe au mlimau umesimama katikati ya msitu: huu alipanda nani? Ukimjibu "wenyeji wa zamani" anakuangalia tu, na ana haki, kalipa dola.

Waliopanda ni Watongwe, watu wa mama yangu. Waliishi humo kwenye milima ya Mahale mpaka operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilipowashusha, na mwaka 1985 milima ikatangazwa Hifadhi ya Taifa. Hayo niliyajua. Yaliyobaki nimeyapata Japani, na nimeyapata nikiwa nimekaa kibarazani Mwanga, hapa Kigoma mjini, na bando la kawaida.

Chuo Kikuu cha Kyoto kina kituo cha utafiti wa Afrika kilichoanzishwa 1986. Jarida lao, African Study Monographs, limeanza kabla yake, 1981. Makala zimewekwa kwenye maktaba ya chuo mtandaoni, unapakua bure. Na hawa si watu waliotusikia kwa mbali. Watafiti wa Kyoto walifika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika 1961, na mwaka 1965 Toshisada Nishida akapiga kambi Kasoge, chini ya milima ya Mahale. Alifuata sokwe, akawapandia na miwa ili wamzoee. Lakini humo msituni angepita vipi bila Watongwe? Ndiyo maana pembeni ya maandishi ya sokwe kuna maandishi ya watu.

Ukitafuta, usiandike "Watongwe", andika "Tongwe". Jaribu pia "Mahali", maana makala za mwanzo ziliandika Milima ya Mahali. Usicheke, mimi nilishacheka kwa niaba yetu wote.

Makala iliyonishika zaidi ni ya Makoto Kakeya, 1976, iliyotoka kabla ya jarida hilo kuanza, kwenye mfululizo wao wa Kyoto University African Studies. Huyu bwana hakuishia kuuliza maswali. Alijifunza uganga kwa Watongwe mpaka akawa mfumu, yaani mganga. Anaeleza vijiji vidogo vilivyotawanyika mbalimbali, mahindi na muhogo, samaki, asali, mawindo. Halafu anatoa hoja yake: kila kaya ililima karibu na kile cha kuitosha tu, chakula kikizunguka kwa wageni na ndugu, na mwenye kuzidi sana aliogopa kijicho na uchawi.

Nikampigia mjomba, yuko upande wa Buhingu, nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa mjomba, ulime mpaka mlimani kuishe, uuze wapi? Kigoma? Kwa kasia?" Kuhusu wageni alikubali moja kwa moja. Nyumba isiyopikia mgeni, anasema, ilisemwa mpaka ng'ambo ya mto. Kuhusu uchawi akabadilisha mazungumzo, akaniuliza bei ya dagaa mjini. Kwa maoni yangu Kakeya ameona vizuri sana, ila hoja ya mjomba kuhusu soko nimeiandika pembeni ya nakala yangu kwa kalamu nyekundu.

Kwa kazi ya kila siku lakini, kilichonifaa kuliko vyote ni orodha ya majina ya mimea kwa Kitongwe, ya Nishida na Shigeo Uehara, 1981. Kurasa 23 za majina, hakuna hadithi. Niliipeleka steshenari moja hapa mjini, wakanitolea nakala iliyokatwa ukingo wa kulia, majina ya kisayansi yakabaki nusunusu, na hela wakachukua yote. Waambie wapunguze ukurasa uingie wote kwenye karatasi kabla hawajabonyeza.

Orodha hiyo nilimsomea mjomba kwa simu jioni moja, jina baada ya jina, naye akinirekebisha matamshi. Mengine aliyasikia akakaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Nilipofika kwenye mjonso, mmea mchungu, akanikatiza: "Huo uko hapa nyuma ya choo, unataka nikuchumie?" Mjonso una kisa chake, nacho nakisimulia kila safari. Mwaka 1987, mtafiti Michael Huffman akiwa na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa dawa, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku hana nguvu, anamenya shina la mjonso na kufyonza maji yake machungu. Kesho yake mchana alikuwa ameshachangamka. Kalunde ndiye aliyejua kwamba huo ni dawa kwa watu pia. Makala ilipotoka 1989, kwenye jarida jingine, jina lake liliandikwa pamoja na la Huffman kama mwandishi. Wageni wangu hapo huwa wanatoa madaftari.

Nyota? Nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya lugha. Nilichosoma chote ni Kiingereza, tena kile kigumu cha wasomi, na mjomba, ambaye habari ni zake, anategemea mimi nimpige simu. Muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili kwenye makala za Tongwe ungetosha kunibadilisha mawazo.

Anayetafuta Waha wa Kasulu na Buhigwe ajue kwamba uzito wa kazi hii uko kusini, upande wa Mahale. Na mafaili ya zamani ni kurasa zilizopigwa picha, mazito. Pakua usiku bando likiwa rahisi, na hakikisha mzee wako wa kumuuliza ana chaji kwenye simu.