Bampa: fundi aliniambia niende nikanywe chai

Hii hasira niko nayo tangu mfungo uishe, wacha leo niitoe.

Gari yenyewe si ya kifahari, ni Vitz silva, na kilichoharibika ni kona ya bampa ya nyuma tu. Tuktuk ilinigonga kwa foleni ya feri upande wa Likoni, ikabonyea, ikapata ufa urefu wa kidole na mchubuko juu yake. Kijana wa tuktuk alikuwa atetemeka, "Mama nisamehe, ni breki," akaomba namba yangu, nikampa nikamwachia, maana hata ningemkaba angetoa nini.

Sasa kuamua. Ajenti wa bima akanambia elfu 15 za kwanza nalipa mwenyewe, nikaona basi hapo bima hamna. Mwembe Tayari nikapata bampa ya eksi-Japani, yaani iliyotumika huko, kwa 9,000 lakini nyeupe, bado ipakwe rangi. Ule ubonyeo mpwa wangu aliutoa hapa nyumbani na birika la maji ya moto, akamwaga kwa nje akasukuma kwa ndani, tup! ukarudi, mi sikuamini. Ikabaki ufa na mchubuko. Wallahi ningekomea hapo.

Sikukoma. Nikaenda gereji moja ya kando ya barabara, jina siitaji sitaki maneno, fundi akasema 4,500 kila kitu. Mpwa wangu alikuwa kashanionyesha ndani ya bampa imeandikwa PP, yaani polipropilini, na plastiki hiyo rangi haiishiki mpaka itangulie praima ya plastiki, ile ya chini ya kuishikiza. "Muulize hilo tu shangazi." Nikauliza kwa heshima zote, "Fundi, praima ya plastiki utaweka?" Yule mtu hata macho hakuinua kwa msasa wake. "Mama, nenda kanywe chai pale, mambo ya rangi hayakuhusu. Ama mlete mzee tuongee." Vijana wake wakacheka. Mzee! Mzee wangu hata balbu ya indiketa hajui kubadilisha, gari ni yangu, logibuku ina jina langu, mafuta natia mie. Na mimi kwa ujinga nikaenda kweli, nikanywa chai na mahamri mawili, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo kuliko hizo pesa.

Narudi, gari yang'ara. Na nisiwe mwongo, ufa aliuchomelea vizuri kwa ndani, mpaka sasa haujafunguka, klipu zote zilirudi, bampa imekaa sawa na fenda. Rangi ukiitazama kwa nyuma ni ileile, namba ya rangi 1F7, lakini simama ubavuni jua likishuka, gari ni sarafu na bampa ni sufuria. Hilo ningemsamehe, silva ina zile chembe zake za kung'aa na kuzioanisha ni kazi, tena alikuwa apiga rangi nje, malori yanapita na vumbi lao.

Wiki mbili tatu hivi, naosha gari, kijana wa kuosha magari akapitisha maji ya presha pale kwenye kona, rangi ikatoka kipande kizima ka ganda la yai. Chini plastiki nyeusi tupu. Praima iko wapi? Labda niliinywa na ile chai. Nikamrudia, akanambia "Uliosha wapi? Bampa ikipigwa rangi haioshwi na presha." Sa mji huu wa chumvi na vumbi nifute na leso?

Nlikuwa naandika msikanyage kwake. Lakini ka ni ufa peke yake, mpelekee, achomelee, halafu mwondoe gari kabla hajashika ile bunduki ya rangi. La, msiende, nikiyakumbuka yale macheko hata ufa nisingempa. Ijapokuwa alisema nilete Jumamosi anipigie upya bure, na Jumamosi zimepita sijui ngapi, nimempigia simu mara 3 hapokei, ya nne akaikata kabisa.

Juzi simu ikalia nikadhani ni yeye. Ilikuwa meseji ya M-Pesa, thao moja, halafu nyingine ikafuata kutoka kwa yule kijana wa tuktuk: "Mama pole ya bampa, nyingine mwezi ujao."