Kusoma historia chuo kikuu: uzoefu wangu, na bado sijapoa

Naandika haya nikiwa na hasira, nisiwadanganye. Ukiniuliza leo kama usome historia chuo kikuu, jibu langu la kwanza ni usithubutu. Ila soma mpaka chini, maana nikianza kueleza huwa najigeuka.

Kozi ina masomo mangapi na inachukua miaka mingapi, hayo kaangalieni wenyewe. Mimi nina jambo moja limenikaa kooni.

Tulikuwa na mhadhiri wa somo la ukoloni Afrika. Bwana huyu alisoma notsi zake neno kwa neno, karatasi zimeshageuka rangi, na sisi tunaandika kama makarani. Ndani ya notsi hizo mlikuwa na sentensi kwamba Mkutano wa Berlin ndio uliochora mipaka ya Afrika. Kwenye insha yangu nikasema hapana. Hati ya mwisho ya mkutano ule, ya 26 Februari 1885, ina vifungu 38, na nilivisoma vyote: biashara huria bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mito ya Kongo na Niger, masharti kwa dola inayotaka kukalia sehemu mpya ya pwani. Mipaka mingi ilikuja baadaye, kwa mikataba ya wawili wawili kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1890. Nikaweka tanbihi, na namba za vifungu nikazitaja.

Insha ikarudi. Juu ya tanbihi yenyewe, kalamu nyekundu: "Umeyatoa wapi haya?" Jamani! Juu ya tanbihi!

Nikaenda ofisini kwake na nakala ya hati mkononi. Mlango wazi, wenzangu wamepanga foleni nje. Macho hakuyatoa kwenye simu. "Umekuja kusoma au kunifundisha?" Nyuma yangu mtu akacheka. Ile nakala hakuigusa. Mwalimu wa historia kukimbia karatasi ni sawa na fundi bomba kuogopa maji. Toka siku hiyo nikawa namwandikia anachotaka kusikia, na maksi zikapanda. Hilo linaniuma kuliko lile tusi.

Haya, sasa najipinga. Semina zetu zilisimamiwa na msaidizi wake, dada mmoja mpole asiye na makuu. Siku moja akatuletea kisa cha shajara za Hitler zilizotangazwa na jarida la Stern mwezi Aprili 1983. Mwanahistoria mkubwa wa Uingereza, Hugh Trevor-Roper, alizikubali mwanzoni. Aliambiwa karatasi zimeshapimwa, akaamini. Zilipopimwa kweli, zikakutwa na vitu vilivyoanza kutengenezwa baada ya vita, na Mei ilikuwa bado changa uongo ulipoanikwa. Dada hakutupa notsi hata mstari mmoja. Alituuliza tu: wewe ungeomba kuona nini kwanza? Tukabishana mpaka wenye ukumbi wakaja kututoa.

Nilichoondoka nacho chuoni ni hicho. Kazini kwangu hakuna anayeniuliza habari za Bismarck, yule kansela wa Ujerumani aliyeitisha Mkutano wa Berlin, lakini ripoti ikitua mezani nauliza nani kaiandika, kamwandikia nani, lini, na kipi kimeachwa makusudi. Mara kadhaa swali hilo limetuepusha na hasara ya kweli. Kwa hilo tu, ada ningelipa tena.

Halafu nakumbuka kwamba dada yule hakuongezewa mkataba, na bwana yule bado anasoma zile zile karatasi. Basi nyota mbili. La, hapana: somo nyota tano, huduma sifuri, jumlisheni wenyewe.

Kama moyo wako uko huko, usijiandikishe kabla hujaenda kukaa nyuma ya ukumbi siku moja. Wakigawiwa hati waisome na kugombana nayo, lipa ada. Mhadhiri akifungua daftari na kusema "andikeni", nyanyuka kabla hajafika nukta ya kwanza.