Chokaa au rangi ya plastiki kwenye kuta za zamani

Umehamia kwenye jengo la enzi ya Mjerumani pale Iringa mjini? Kabla ya mapazia, amua kuhusu ukuta. Kuta hizo nene mara nyingi huvuta unyevu kutoka chini.

Rangi ya plastiki ni ya haraka: unapaka mara 2, kesho unapanga makochi. Inafutika kwa kitambaa, kwa hiyo jikoni ichague. Ila inaziba ukuta. Unyevu ukikosa pa kutokea, karibu na sakafu rangi inafura malengelenge. Ukibonyeza, inapasuka na chumvi nyeupe inamwagika kama unga.

Chokaa huacha ukuta upumue. Iloweke usiku kucha, chuja, zimua iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, kisha paka mara 3 hadi 5, ukingoja saa 24 kila mara. Ikiwa nzito hupukutika. Vaa miwani na glavu, maana inaunguza. Juu ya plastiki haishiki. Kwangua kwanza, kazi ya kuchosha kweli. Wengine hutia chumvi ili ishike, lakini ukuta wenye unyevu hauhitaji chumvi zaidi.

Chumbani na sebuleni, chokaa, hata kama koti jeusi likiegemea litatoka na vumbi.